Chagua mabega, mengine mwachie fundi

Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Machakos inapotoa orodha ya walioitwa mahojiano, habari haichelewi kuenea. Simu hupigwa Mwala, Kathiani, Masinga na Matungulu. Shangazi hujulishwa, mchungaji huombwa alikumbuke jina hilo Jumapili. Pongezi zikishatulia, aliyeitwa hubaki na swali ambalo chuoni hakufundishwa: siku hiyo nitavaa nini?

Kwa kijana anayetafuta kazi yake ya kwanza ya ukarani, uhasibu, uuguzi au ualimu, jibu la swali hilo huenda likawa nguo ya bei kubwa kuliko zote alizowahi kununua. Na huja wakati mbaya. Tayari ametoa shilingi 1,050 za cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi, amelipa nauli ya kwenda Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole, amepiga nakala za vyeti na kuzigongesha muhuri kwa wakili. Suti hufika mwisho wa foleni, mfuko ukiwa mwepesi, na aghalabu hununuliwa siku mbili kabla ya mahojiano, jioni, kwa hofu. Hapo ndipo watu huumia.

Naandika haya kwa sababu nimewaona vijana wenye akili timamu wakienda mbele ya jopo huku wakipigana na makoti yao. Mmoja anavuta mkono wa koti kila anapotaka kusema. Mwingine hawezi kuketi sawasawa kwa kuwa suruali imembana mapajani. Wa tatu kavaa suti ya kumeta, ya bwana harusi, na macho ya watu hayamtoki kifuani. Si umaskini tu uliowafikisha hapo. Walikosa mtu wa kuwaambia watazame nini. Ninavyoamini mimi, suti inayofaa kwa mahojiano ni ile inayoukaa mwili vizuri hivi kwamba dakika mbili baadaye jopo limekwisha kuisahau na linasikiliza maneno. Suti ya namna hiyo inapatikana mjini Machakos kwa pesa za kawaida, mradi mnunuzi ajue mambo machache na amheshimu fundi.

Siku kubwa za soko hapa ni Jumatatu na Ijumaa. Siku hizo Marikiti hufurika maembe, nyanya, ndengu na mbaazi, na wauzaji wa mitumba nao huongezeka, makoti yakining'inia kwenye vyuma safu kwa safu. Mchuuzi atakuita kastoma kabla hujasimama, na ukimsikiliza, kila koti lake ni kamera, la chaguo la kwanza kabisa mtumba ulipofunguliwa. Fagia, yale mabaki ya mwisho, hayapo kwake. Usimkasirikie. Ndani ya safu hizo kweli mna makoti mazuri: Marks & Spencer, Next, Burton, nguo za sufu zilizoshonwa kwa umakini, zikavaliwa mara chache Ulaya, mwenyewe akanenepa au akabadilisha kazi. Kazi yako ni kulipata moja katika mia.

Anza na mabega. Vaa koti juu ya shati la mikono mirefu, si juu ya fulana, kisha mwombe mwenzako atazame mshono unaounganisha mkono na bega. Unapaswa kukaa pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiteremka kuelekea mkono, koti hilo ni la mtu mwingine, liache. Ndani ya bega mna pedi, kitambaa kigumu cha kushikilia umbo, bitana, na mkono ulioshonewa kwa kuzungushwa; kulirekebisha ni kulifumua lote, na fundi mkweli atakuomba pesa zinazotosha kununua koti jingine. Kiuno cha koti hupunguzwa bila shida. Mikono hufupishwa. Suruali hukatwa na kupindwa upya. Mabega ndiyo unayoyanunua. Mengine yote ni mazungumzo na fundi.

Angalia pia namba ndani ya mfuko wa koti, maana huwapoteza wengi. Makoti ya Uingereza na Marekani huhesabiwa kwa inchi za kifua: 36, 38, 40, 42. Ya Italia, Ujerumani na Uturuki husoma 46, 48, 50, 52, na ukitoa kumi unapata namba ya Kiingereza. Kwa hiyo 50 si koti la jitu. Ni 40 ya kawaida. Herufi S, R au L inayofuata namba hapo ni urefu wa mtu, mfupi, wa wastani au mrefu, wala si unene. Mtu mfupi aliyenunua koti lenye L atalifupisha mikono mpaka vifungo vya mkononi vikaribie ukingo, na mfuko wa pembeni utabaki umeshuka karibu na paja. Koti lifunike makalio lisizidi sana hapo.

Kisha toka nalo nje ya turubai. Hili nalisisitiza kuliko mengine, kwa kuwa ndilo linaloharibu suti nyingi za mitumba. Koti na suruali yake mara nyingi hutenganishwa huko zinakopangwa na kufungwa, makoti na makoti, suruali na suruali. Mnunuzi anaokota koti jeusi hapa, anapata suruali nyeusi kibanda cha tatu, na chini ya kivuli cha turubai zinafanana kabisa. Juani moja ni nyeusi na nyingine ni buluu. Au zote ni nyeusi, lakini moja imefuliwa mara nyingi na inaelekea kwenye wekundu. Jopo haliwezi kueleza kilicholisumbua, ila macho yameona. Kama hukupata jozi ya kweli, usiibuni. Chukua koti la buluu iliyokoza na suruali ya kijivu, zitofautiane waziwazi, na utakuwa umevaa kwa heshima zote.

Ukiwa bado juani, liinue koti na upitishe mwanga ndani yake: matundu ya nondo hujionyesha hapo kama nukta nyeupe. Kagua viwiko na sehemu ya kukalia ya suruali. Kitambaa kilichochakaa hung'aa, na mng'ao huo hauondolewi na pasi wala siki. Geuza kola uone kama shingo imeacha mafuta. Halafu finya kifua cha koti kwa vidole viwili na uvute pande zote mbili taratibu. Koti lililoshonwa vizuri utahisi tabaka la tatu likiteleza katikati. Lililogandishwa kwa gundi halina kitu kinachosogea. Gundi si dhambi, makoti mengi ya siku hizi yameunganishwa hivyo, lakini likipigwa pasi kali au kuloweshwa, kifua hutoa malengelenge yasiyopona. Ukiyaona madogo tu, rudisha.

Wapo wauzaji watakaokuruhusu kuchomoa uzi ndani ya upindo wa suruali na kuuwasha kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni; polista huyeyuka na kuganda kitone kigumu. Si lazima upate sufu tupu. Ila Machakos iko karibu mita 1,600 juu ya bahari, na hali yetu ina pande mbili: Juni na Julai ukungu hushuka kutoka vilima vya Iveti na mtu hutetemeka saa mbili asubuhi, Februari na Oktoba jua hupiga hata bati likalia. Sufu nyepesi huvumilia yote mawili. Polista nene ukiivaa Februari, ukisubiri zamu yako tangu asubuhi mpaka saa saba kwenye benchi la nje, utaingia ukiwa umelowa mgongo.

Sasa fundi. Wako kwenye veranda za maduka, cherehani ya miguu mbele, chaki sikioni, na wengi wao wamefumua suti nyingi kuliko wauzaji walivyouza. Mpelekee nguo wiki moja kabla, na wakati wa kufungua shule au wa harusi za Agosti na Desemba mpe wiki mbili, maana sare za watoto na mavazi ya wasimamizi vitakutangulia. Nenda na viatu utakavyovaa siku yenyewe. Urefu wa suruali hupimwa kwa viatu, haupimwi kwa ndara. Mtazame anavyofanya kazi. Fundi anayejua hugeuza kwanza suruali nje ndani, aangalie mshono wa nyuma. Suruali nzuri huachiwa hapo nguo ya ziada, inchi moja au zaidi kila upande, ili kiuno kiweze kupanuliwa mwenyewe akinenepa. Akiikuta, atakwambia suruali hii itakufuata miaka. Asipoikuta, iliyokubana leo itakubana milele.

Mkono wa koti uishie penye kifundo, ukingo wa shati uchomoze sentimita moja hivi. Suruali iguse kiatu na kujikunja mara moja tu mbele. Isiburure vumbi, wala isikatwe ikaacha soksi wazi kama wafanyavyo wanamitindo. Na wakati wa pasi, weka kitambaa chenye unyevu kati ya chuma na sufu. Pasi ya makaa iliyogusa sufu moja kwa moja huacha mng'ao ule ule wa uchakavu, na cheche moja inatosha kumaliza kila kitu.

Kuna kitambulisho kidogo cha kampuni kinachoshonewa juu ya mkono wa kushoto, karibu na vifungo. Kitoe. Kiliwekwa dukani ili muuzaji asome haraka, nacho hufumuliwa nguo ikishanunuliwa, lakini mitaani kwetu watu wengi hukiacha miaka na miaka, labda wakiona ni ushahidi kwamba suti ni mpya. Fumua pia nyuzi za alama ya X zilizofunga mpasuo wa nyuma wa koti. Kifungo cha chini kabisa kiache wazi, na ukiketi fungua vyote.

Anayeweza kununua mpya ataelekezwa kwenye suti za Uturuki, zilizojaa madukani hapa na Nairobi, au atashuka hadi Biashara Street akachague kitambaa na kushonewa. Kushonewa ni raha ambayo kila mtu angestahili kuionja. Tatizo la nyingi ya zile zilizo tayari ni mkato: kifua kimebana, koti linaishia kiunoni, matundu ya vifungo yametiwa uzi mwekundu, kitambaa kinameta. Zimetengenezwa kwa picha za sherehe. Ukipata moja ya buluu iliyokoza au kijivu cha makaa, isiyometa, yenye vifungo viwili, chukua. Hiyo ndiyo suti ya wastani inayosemwa katika miongozo yote ya kutafuta kazi, tangu Mmarekani John Molloy alipochapisha kitabu chake kuhusu mavazi ya mafanikio mwaka 1975 na mawaidha yake kusambaa duniani hadi kwenye semina za vyuo vyetu.

Miongozo hiyo ya nje huonya dhidi ya rangi nyeusi, ati ni ya usiku na ya mazishi. Hapa si hivyo. Mawakili wa Mahakama Kuu ya Machakos huvaa nyeusi kila siku, wachungaji huvaa nyeusi, na hakuna mjumbe wa jopo atakayeshtuka. Sababu yangu ya kupendelea buluu ni nyingine: nyeusi ya bei nafuu hupauka upesi juani, na udongo wetu mwekundu huonekana juu yake kuliko juu ya rangi yoyote. Anayetoka Ndithini au Masinga kwa matatu anajua. Huyo namshauri asisafiri na koti mwilini. Aligeuze bitana nje, alikunje kwa urefu, alitie kwenye mfuko safi, abebe na kitambaa cha viatu, afike mapema na avalie mjini. Anayeitwa Nairobi, mwendo wa kilomita sitini na ushei na foleni ya Mlolongo, afanye vivyo hivyo.

Shati jeupe, tai isiyo na michoro ya kuchekesha, soksi nyeusi ndefu, viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi na kusuguliwa, mshipi wa rangi ya viatu. Manukato kidogo au usitie kabisa. Haya yanajulikana.

Wanawake wana mzigo wa ziada, na ni haki kuusema. Mwanamume akivaa suti ya kijivu amemaliza. Mwanamke huulizwa kuhusu urefu wa sketi, upana wa suruali, nywele, kucha na kisigino, na mara nyingi wanaouliza hawajui wanachokitafuta. Uzuri ni kwamba koti la kike lililokaa mabegani hufanya kazi ile ile: huvalika juu ya sketi, suruali au gauni la rangi moja. Kipimo cha sketi kiko kwenye kiti, wala si mbele ya kioo ukiwa umesimama, kwa kuwa jopo litakuona umeketi dakika ishirini. Kaa, kunja miguu, inuka, okota karatasi sakafuni. Ikikulazimu kuishika hata mara moja, tafuta nyingine. Anayevaa hijabu aivae, ya rangi iliyotulia, na aende kifua mbele. Huko pwani mwanamume anayeingia ofisini na kanzu, kofia na koti juu yake haulizwi suti iko wapi.

Tena sheria iko upande wa wote hawa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi: kabila, jinsia, umri, ulemavu, dini, utamaduni, na ndani ya orodha hiyo hiyo limo neno mavazi. Wapo waajiri wasioujua mstari huo. Kifungu cha 232 nacho kinataka uteuzi katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na sifa za mtu. Siiandiki Katiba hapa ili kijana aende na jinzi iliyochanika, akapigwe na mfumo halafu ashitaki. Naiandika ili wanaoketi upande wa pili wa meza wakumbuke kwamba suti si swali la mtihani.

Mfano mkubwa tulio nao Ukambani ni wa Dkt Willy Mutunga, aliyezaliwa Kitui mwaka 1947. Mwaka 2011 Tume ya Huduma za Mahakama iliwahoji hadharani waliotaka kuwa Jaji Mkuu, jambo ambalo Wakenya hawakuwa wamewahi kulishuhudia. Jina la Mutunga lilipofika mbele ya kamati ya wabunge, gumzo la nchi nzima halikuwa koti lake wala tai. Lilikuwa kipuli kidogo sikioni. Alieleza kwamba kinahusiana na imani yake na mizimu ya mababu zake, na akasema wazi kuwa hatakitoa kwa ajili ya cheo. Juni mwaka huo aliapishwa. Katika uongozi wake majaji waliyavua mawigi ya Kiingereza.

Vijana hunitajia kisa hicho wakitaka kuniambia kwamba mavazi si kitu. Mimi nakisoma vingine. Mutunga alikuwa na faili. Alikuwa amefundisha sheria chuo kikuu, amewekwa kizuizini enzi za Moi, ameongoza asasi za haki za binadamu. Waliomhoji walikuwa na miongo mitatu ya kazi yake ya kuipima dhidi ya kile kipuli. Msichana wa miaka 23 kutoka Yatta, ambaye mjumbe wa jopo hajawahi kumsikia, ana karatasi chache na dakika ishirini. Suti ya wastani humlinda ili dakika hizo zisiliwe na jambo lolote lisilokuwa yeye. Akishakuwa na faili yake, avae anachotaka, na natumaini atafanya hivyo.

Hapo naweka pia suti ya Kaunda. Naipenda mno. Ilipata jina kwa rais wa kwanza wa Zambia, haihitaji tai wala shati la kola, mikono mifupi yake inalifaa jua letu, na fundi yeyote wa veranda anaweza kuishona kwa kitambaa cha mita chache. Rais William Ruto aliifufua mwaka 2023 na mafundi wakapata kazi. Lakini Novemba mwaka huo huo Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku katika Bunge la Taifa, akataja yanayotakiwa kwa mwanamume: koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Nililiona hilo kuwa uonevu kwa vazi la Kiafrika lenye adabu zake. Hata hivyo, nikiulizwa na anayekwenda mahojiano ya kwanza, humwambia aiache nyumbani. Wengi wanaoketi kwenye majopo ni wa rika la Spika, na vita hivyo vipiganwe na wenye mishahara.

Ndani ya kaunti hii hii kuna mahojiano mengine ambayo hayajui suti. Asubuhi nenda Athi River, kwenye eneo la viwanda vya kuuza nje lililoanzishwa chini ya sheria ya EPZ ya mwaka 1990. Wanawake na wanaume husimama nje ya malango wakisubiri kuitwa, na anayechagua hutazama mikono na kuuliza kama mtu anaijua mashine. Humo ndani hushonwa nguo zilizokuwa zikiingia Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA wa mwaka 2000. Maelfu ya mikono ya Machakos inashona nguo mpya ziende ng'ambo, na kilomita chache kutoka hapo mtoto wa mshonaji anapekua zilizochakaa zilizotoka ng'ambo ili apate koti la kuombea kazi. Hali hiyo inaniuma. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia mwaka 2016 kuachana na mitumba ifikapo 2019. Kenya ilirudi nyuma, na Rwanda iliyosimama na ushuru wake ikasimamishiwa nafuu ya AGOA kwa nguo zake mwaka 2018. Jirani zetu wa Kitui walijaribu njia yao mwaka 2018 kwa kuanzisha KICOTEC, kiwanda cha kaunti cha ushonaji, na wakati wa korona kikashona barakoa. Walioshona barakoa na sare za shule wanaweza kufundishwa kushona koti la heshima. Ni kazi ngumu zaidi, inataka miezi ya mafunzo, lakini si muujiza.

Mpaka hilo lifanyike, watu wanaazimana. Suti moja ya binamu aliyeajiriwa huzunguka ukoo mzima, ikipanda Kangundo wiki hii na kushuka Wamunyu wiki ijayo, ikipunguzwa kiuno na kupanuliwa tena hadi mshono uchoke. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na katika mambo mengi walisema kweli. Katika hili nawapinga. Koti la kuazima lililokaa mabegani humsitiri mtu vizuri sana, mradi liazimwe mapema na lipite kwa fundi. Lisilokaa ndilo la kukataa, hata kama mwenye kulitoa ni mjomba na anaudhika. Mwambie, asante sana mjomba, mabega yamenizidi, naomba ile tai.

Ninachoomba ni kwamba uazimaji huu uache kuwa wa bahati, wa wale tu wenye binamu aliyefika mbele. Chuo Kikuu cha Machakos kiko hapa hapa mjini, kina wahitimu kila mwaka. Yako makanisa yenye wanaume na wanawake waliostaafu ofisini, na kabatini mwao zimebaki suti ambazo hawatazivaa tena. Chuo na makanisa hayo wanaweza kufungua kabati la pamoja la suti za kuazima. Bodi ya kaunti, kwa upande wake, inaweza kuandika mstari mmoja katika barua ya mwito kusema kwamba nguo safi na ya heshima inatosha, na kwamba dereva, mpishi au mlinzi hatarajiwi na tai. Na kabati la kwanza halihitaji harambee kubwa: makoti kumi ya buluu iliyokoza kuanzia 36 hadi 44, matano ya kike, daftari la kuandikisha anayechukua na siku ya kurudisha, na fundi wa veranda anayelipwa kwa siku ili awe karibu wiki ya mahojiano. Mwenye koti la kutoa alilete likiwa limeshatolewa kile kitambulisho mkononi.